Mwosha Chupa

Jamani, mtu anaweza kukabidhiwa chuo kikuu kizima na bado akasitasita mlangoni kwa mzee mmoja, katika mtaa uitwao Tena. Ndivyo Profesa Waringa alivyobisha kwa Mzee Njogu, kadi ya mwaliko mkononi. Ijumaa alikuwa anatawazwa mkuu wa chuo, na bila mzee huyu kuketi pale mbele, sherehe yote aliiona bure.

Msidhani ni baba yake. Miaka thelathini nyuma, Waringa wa mtaa wa Makongeni, kamaliza kidato cha nne hana mbele wala nyuma, aliajiriwa kuosha chupa za maabara katika kiwanda kimoja cha rangi. Fundi wa maabara alikuwa Njogu. Wengine walimwita binti "wewe wa chupa." Njogu alimwita Waringa, na kila saa ya chakula akamkalisha mbele ya mizani, akamfundisha kemia hadi akarudia mtihani akapita. Shahada zote zilizofuata, Waringa alijua zilianzia pale.

Na je, alirudi kusema asante? Wapi! Leo utafiti, kesho mkutano, miaka ikayoyoma.

"Nimechelewa, Mzee," alisema sasa, machozi yakimlenga. "Lakini nisipokushukuru mbele ya watu sitatulia. Tafadhali njoo."

Njogu alikoroga chai. Kinyongo hakuwa nacho, ila swali.

"Maabara yenu huko, vyombo anaosha nani?"

"Kuna mama mmoja," Waringa alijibu. Miaka saba ameongoza kitivo cha sayansi, kila asubuhi anapishana na yule mama wa glavu za njano, na jina lake halijui. Aibu aliyoiona, we acha tu.

"Ukilijua jina lake, nipigie," mzee alisema, akamwongezea chai.

Kesho yake saa mbili asubuhi, profesa alikuwa kwenye sinki, mikono ya blauzi kaikunja, anasuuza chupa na yule mama. Walizungumza mpaka vyombo vikaisha. Ndipo akapiga simu.

"Anaitwa Fowsiya, Mzee. Ana miaka kumi na mmoja hapa. Anasema mimi ndiye mkubwa wa kwanza kumuuliza jina."

Njogu alicheka kwa raha.

"Haya basi, nitakuja. Kiti changu kiweke kando ya Fowsiya."