Jina Lililochuja

Bi Sindano aliweka uzi wa waridi kwenye cherehani, akanyoosha blanketi jeupe la mtoto mchanga na kutarizi jina aliloagizwa. Sindano ilipanda na kushuka kama siku zote. Alipomaliza, blanketi lilikuwa jeupe vilevile. Akaligeuza, akatazama upande wa pili, akakata uzi.

"Limechuja," alisema.

Bibi mzaa baba wa mtoto alikuwa kwenye benchi akisubiri. "Badilisha uzi basi."

"Uzi mzima. Jina ndilo limechuja."

Bi Sindano alilitazamia hilo. Alikuwa ametarizi majina ya watoto tangu ujana wake, na maoni yake kuhusu majina ya wasichana hakumficha mteja. Majina yanayovutwa mwishoni aliyafananisha na mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Majina ya tamthilia, alisema, huzeeka tamthilia ikiisha. Na hili, ambalo kila ukoo ulikuwa nalo, lilikuwa zuri kweli lilipoingia mjini. Lakini nguo nzuri ikifuliwa kila siku huisha. Pale chekechea, mwalimu alipoliita zamani, nusu ya darasa iliitika. Siku hizi alifungua mdomo, na kilichosikika kilikuwa feni.

"Yule mjukuu wako wa kiume, mtoto wa mwanao mkubwa," Bi Sindano aliuliza, "jina lake mlilipataje?"

"Wazee walikaa vikao. Jina la ukoo haliokotwi."

"Na huyu?"

"Huyu wa kike, dada yangu. Atakuja kuwa wa watu. Hilo litamtosha, tena kila mtu analipenda."

Akalikunja blanketi tupu, akashukuru kwa kazi safi, akaenda zake.

Mama mzazi alikuja baadaye, peke yake, mtoto kifuani ndani ya blanketi lilelile tupu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani vile?"

"Wananiita Mama," alisema, na baada ya hapo midomo yake ilicheza kulitaja jina la bintiye, sauti isitoke. "Kliniki wameniita mara kadhaa, mimi nimekaa tu. Nilidhani muuguzi anapiga miayo."

"La kumchagulia mwenyewe unalo?"

Alikuwa nalo. Alilichagua tumbo likiwa bado dogo. Akamnong'oneza Bi Sindano, na Bi Sindano, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifia, alisema kwamba hilo ni jina. Alichukua uzi wa bluu iliyokolea. Herufi zilisimama juu ya kitambaa hata kipofu angezisoma kwa kidole. Mama aliliita, na mtoto akageuza shingo.

"Baba yake analijua?"

"Nilimwambia. Akasema nikawaulize kwao."

"Ukawauliza?"

"Walicheka." Akalishika blanketi. "Nishonee kitambaa juu yake, tafadhali. Lisionekane."

Bi Sindano alikasirika, na hakuficha. Alisema jina si madoa. Kisha akashona kitambaa, kwa sababu blanketi lilikuwa la mwenyewe na nyumba ya kurudi ilikuwa ileile. Tangu hapo mama alimwita bintiye kwa jina hilo wakati wa kumwogesha tu, bomba likiwa wazi.

Mtoto wa pili alikuwa wa kiume. Wazee walikaa vikao, wakabishana, wakaahirisha, wakakaa tena. Bi Sindano alitarizi jina walilomletea, na lilitoka barabara. Lilikuwa jina zuri, naye alisema hivyo, kwani haki ni haki.

Kuanzia wiki hiyo mama aliitwa Mama wa yule mvulana. Kliniki jina lilisikika, kwa jirani lilisikika, na bibi mzaa baba alimwita kutoka uani kwa sauti iliyojaa fahari. Naye aliitika kila mara, upesi, kama mtu aliyekuwa na kiu.

Binti alikuwa ameanza kutembea. Wakimtaka, walipiga makofi, naye alikuja.