Makoti Yasiyo na Vifungo

"Wasovieti waliuliwa na makombora!" Dereva, mume wa Komredi, alijipiga paja. "Pesa yote kwenye silaha, madukani rafu tupu. Mtu hali roketi!"

"Wapi, shemeji!" Kinyozi wa mlango wa pili akamkata. "Cha wote hakina mwenyewe. Ndicho kilichowaangusha, na ndicho kitakachoangusha ushirika wetu wa maji. Tangi liuzwe, kila mlango na pipa lake, tuheshimiane."

Ua mzima ukamgeukia Komredi. Mama huyu mshonaji ndiye aliyegonga milango ya wapangaji mpaka tangi likasimama. Kuliuza ni kumkata mkono. Tena, ujanani alijifunzia cherehani hukohuko kwa Wasovieti.

"Nyie habari hiyo mmeisikia redioni, mimi nimeishona," akasema, mikono kiunoni. "Kiwandani vifungo viliisha. Msimamizi akauliza, 'Makoti tayari?' Tukaitikia, 'Tayari!' Yakapakiwa vivyo hivyo, wazi kama mlango, tukapigiana makofi. Dola lile liliuliwa na makofi, si na mali ya wote!"

Watu wakapiga makofi. Kinyozi hakupiga.

"Kama ni hivyo, dada, tangi lako linavuja."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Kwa nyuma, upande wangu. Tunakinga beseni, na ukikohoa tu uani, tunalisukuma chini ya kiti changu cha kunyolea. Tunakuonea haya."

Komredi akacheka kicheko kirefu. Akakuta anacheka peke yake. Wenzake wanakagua kandambili zao.

"Baba watoto, na wewe ulijua?"

Dereva akakuna kisogo. "Nilisema nisikuharibie usingizi."

Damu ilimpanda Komredi mpaka utosini. Miaka yote hii amemsema yule msimamizi, kumbe kiti chake amekikalia yeye! Angeweza kuingia ndani akabamiza mlango. Hakuingia.

"Haya, nimedanganywa, tena na mume wangu. Lakini tangi haliuzwi, ng'o! Tundu huzibwa, halipewi talaka. Kesho tunalishusha mchana kweupe, kila mtu alione. Na mwenye neno nami aniambie usoni; nikifa kwa hasira, ni hasira yangu."

"Neno langu ni lilelile," Kinyozi akasema. "Mimi nataka pipa."

"Na mimi nakukatalia. Ubishi wenyewe ndiyo kwanza unaanza, nawe sauti imeshakukauka. Pita ndani, mdogo wangu, chakula kiko mezani."