Kisanduku Kimoja cha Majibu

Saa tatu na robo asubuhi, mpimaji wa maabara alidondosha damu ya mama yake mdogo kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo kumi na sita, akaitia kwenye mashine mpya, akaenda kuosha kikombe chake cha chai ya jana. Mashine ile ilisifiwa kwa jambo moja: damu kidogo tu, majibu kumi na sita kwa mpigo. Kishimo kimoja kilitafuta malaria, kingine homa ya matumbo, kingine homa ya ini, kila kimoja na chake. Kilichopata ugonjwa wake kiliwaka kijani.

Tatizo lilikuwa fomu. Ilichapishwa enzi za hadubini, nayo ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha majibu. Mkuu wa maabara, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Kisanduku akishatoka chumbani, alikuwa ameweka utaratibu: kinachowaka kwanza kinaandikwa, vilivyobaki vinamwagwa. Malaria ilikuwa na mbio, kwa hiyo karibu wagonjwa wote wa hospitali ile walikuwa na malaria.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa ovaroli ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kazi yake ilikuwa kupasua betri kwa shoka na kuchambua vya ndani. Miezi mitatu sasa mikono ilimtetemeka, tumbo lilimnyonga, na kwenye ufizi alikuwa ameota mstari wa buluu.

Mashine ikalia. Malaria ilikuwa imewaka, kama kawaida yake, na vishimo vingine viwili. Mpimaji alipoitoa sahani akaona ina vishimo ishirini na kimoja. Akavihesabu tena, maana siku ile alikuwa hajapata kifungua kinywa. Vikawa ishirini na kimoja vilevile.

Kishimo cha kumi na saba kilijaa vumbi la kijivu, madini ya risasi. Cha kumi na nane kilifuka moshi wa tanuri, akapiga chafya. Katika cha kumi na tisa msimamizi wa kiwanda alikuwa akisema, "Glavu zinakuja wiki ijayo. Pigeni kazi, acheni kudeka." Katika cha ishirini mtu alikuwa akikohoa.

"Huyo baba yako mdogo," mama mdogo alisema bila kuinuka. Mumewe, aliyekuwa akichochea tanuri la kiwanda kilekile, alikuwa amekufa mwaka juzi. "Kikohozi chake nakijua. Hebu muulize kama bado kifua kinambana."

"Kimepungua," marehemu alijibu mwenyewe.

Mzee Kisanduku akaja, akatazama sahani juu ya miwani.

"Hivi vitano vya ziada vimekula dawa zetu?"

"Hapana, mzee."

"Basi havituhusu."

Mpimaji akainamia kishimo cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, kidogo kuliko ukucha, kimeandikwa "Malaria", na chini yake sahihi yake yeye mwenyewe na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Ilikuwa fomu ya baba yake mdogo. Hapo ndipo aliposhtuka. Siku ile alikuwa ameandika kilichowaka kwanza, akapiga mhuri, akaenda kula. Yeye ndiye aliyemrudisha tanurini.

Akachukua fomu ya mama mdogo, akaandika kwenye kisanduku: "Sumu ya madini ya risasi."

Mama mdogo akainuka, akaisoma.

"Futa hiyo, mwanangu."

"Mama mdogo, ukirudi kule utakufa."

"Ukiniandikia hivyo, kesho wananifukuza. Wenzangu watatu walipeleka karatasi za namna hii, wakaambiwa hawafai kazi, hata masurufu ya kurudi nyumbani hawakupewa. Malaria wananipa mapumziko siku mbili, halafu narudi kwenye zamu yangu. Wadogo zako wako shule. Nikikaa nyumbani, watakula nini?"

"Kwa hiyo baba mdogo alikuwa anajua kwamba ni risasi?"

"Nilijua," kikohozi kikajibu kutoka kwenye sahani. "Siku ile ulinisaidia sana, mwanangu. Zile siku mbili nililala usingizi mzuri."

Mpimaji akalia waziwazi, mbele ya Mzee Kisanduku, ambaye alimsogezea fomu mpya na kutazama dirishani. Mpimaji akaandika malaria. Haikuwa uongo, malaria ilikuwamo.

Mama mdogo aliomba aende na kishimo cha ishirini nyumbani. Mzee Kisanduku akamweleza kwamba sahani ni mali ya hospitali, ila inaweza kukaa kwenye friji, rafu ya chini, naye akaruhusiwa kuja kuongea na mumewe kila Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, mradi asizidishe robo saa. Akashukuru, akakunja cheti mara nne, akakitia kifuani.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

"Amina," mpimaji alisema, akajifuta macho na kuita anayefuata.

Aliingia kijana wa watu mwenye ovaroli ya kiwanda kilekile. Alikuwa amekwisha kunja mkono wa nguo.

"Malaria tu, dada," akasema. "Siku mbili zitanitosha."