Rangi ya Buluu Ndani ya Ufa

Siku walipobomoa stoo ya marehemu baba yao pale Gongoni ili wajenge jiko jipya, Thoya alijua kitakachotolewa humo, na ndiyo maana aliomba zamu ya asubuhi kazini. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chumvi, mtu wa miaka arubaini na tisa, mpole, asiye na maneno mengi. Aliporudi saa tisa alasiri akaikuta ile pikipiki imeegemezwa ukutani, haina gurudumu la mbele, kiti chake kimeliwa na panya. Dada yake Mbeyu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitazama.

"Itengeneze," alisema.

"Dada, hicho ni chuma chakavu."

"Ni chuma chakavu chetu. Wewe tengeneza, rangi nitachagua mimi."

Ilikuwa pikipiki ndogo yenye injini ya cc hamsini, zile za zamani ambazo mtu hupanda bila kurusha mguu, iliyoundwa kabla hata Thoya hajazaliwa. Baba yao aliinunua ikiwa kuukuu, kwa mtu wa Malindi. Mwezi wa kwanza wa mwaka tisini na sita, Thoya akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, alimpakia dada yake na begi lake kumpeleka Malindi akapande basi la kwenda chuo cha ualimu. Hawakufika. Kabla ya daraja la Sabaki gurudumu la mbele lilichomoka. Thoya alichubuka viwiko tu. Mbeyu alivunjika mguu wa kushoto mahali pawili, akalala hospitali miezi minne, na chuo kikamngoja hadi mwaka uliofuata. Ualimu aliupata, na sasa alikuwa akifundisha darasa la tatu hapo hapo Gongoni, lakini mguu uliunga ukiwa mfupi na mwendo wake tangu hapo ukawa wa kuinama upande mmoja.

Miongoni mwa watu waliokuja kuwaokota siku ile alikuwamo mwanamume mmoja aliyeliinua lile gurudumu lililojaa udongo kutoka kichakani akasema, "Huyu kijana hakukaza nati."

Thoya alisikia. Jioni iliyotangulia alikuwa amelifungua gurudumu lile lile kuziba pancha, akalirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Nyumbani hakuna aliyelirudia neno lile, si baba, si mama, si Mbeyu. Afadhali wangemtukana. Akawa fundi anayekagua kila nati mara tatu, mpaka wenzake karakana wakamtania kwamba hata kifuniko cha chupa yake ya chai hukikaza kwa spana. Alicheka pamoja nao. Hakumwambia mtu sababu.

Kesho yake alilifungua sanduku lake la spana. Akaanza kazi. Kila siku baada ya zamu alifungua kitu kimoja: tanki, kabureta, injini, ekzosi iliyokuwa imegeuka vumbi la kutu. Alishangaa kwamba injini haikuwa imekwama. Vyote alivisafisha mwenyewe isipokuwa foku ya mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, na gurudumu lenyewe, vilivyotoka stoo vimegandamana na udongo. Hivyo alivitia katika gunia, akalifunga kamba, akaliweka mbali.

Jumamosi moja wakakodi tuktuk, wakapeleka vipande vyote Malindi kwa Mzee Abdulqadir, mtu wa asili ya Ngomeni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipaka rangi magari na mashine za boti.

"Shikamoo, mzee," wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwalimu, wataka chuma hiki kiweje?"

"King'ae," Mbeyu alisema. "Usukani, rimu, ekzosi, madigadi, vyote vipigwe kroma."

Mzee akacheka. "Kroma ni ya mtu akaaye mbali na bahari. Ninyi Gongoni mwavuta chumvi hata mkiwa usingizini. Kroma ina vitundu usivyoviona kwa jicho. Chumvi hupenya mle, ikala chuma kwa chini, na juu kungali kwang'aa. Siku utakayojua, itakuwa yabanduka kama ganda la kitunguu."

"Basi usukani tu, mzee. Nitaufuta kila siku."

"Usukani tu, kwa kuwa umeniomba vizuri." Akaokota kifuniko cha injini, akakisugua kwa kidole gumba. "Hii ni aluminiamu. Hii tusiipake kitu. Tuipige msasa mpaka msasa wa maji, kisha tuing'arishe kwa kitambaa. Itang'aa kwa upole, kama sufuria ya mwanamke msafi. Nati na bolti tuzitie zinki. Bodi nitaipiga mchanga ibaki chuma kitupu, kisha praima, kisha rangi mikono mitatu. Rangi gani?"

Mbeyu alipewa vibao vya sampuli, akavipanga mapajani, akavipeleka juani, akavirudisha kivulini. Alichukua karibu saa nzima. Mwishowe alichagua kijani cha majani ya mkorosho kwa bodi, na rangi ya tui kwa ngao ya mbele inayokinga miguu.

"Hutaki nyekundu kama ilivyokuwa?" Thoya aliuliza.

"Nyekundu hapana," alisema upesi.

Thoya akavikusanya vibao. Alidhani anajua kwa nini. Akamkabidhi mzee lile gunia bila kulifungua, akasema, "Na hii ni foku."

Jumatano iliyofuata simu ikalia akiwa karakana. "Fundi, njoo," Mzee Abdulqadir alisema. "Njoo mwenyewe. Hili si la kuelezwa kwa simu."

Aliomba ruhusa, akapanda matatu mpaka Malindi. Alimkuta mzee amevipanga vipande juu ya gazeti, safi, vimeoshwa kwa mafuta ya taa.

"Sijapiga mchanga bado," mzee alisema. "Nilipoona hivi nikasita. Hebu ijaribu hiyo nati."

Ekseli ilikuwa ingali ndani ya gurudumu. Upande wa kushoto ilishikilia kipande cha chuma kama kisigino, ncha ya mguu wa foku, na nje ya kisigino hicho palikuwa na nati, na katika nati pini ya kuizuia isilegee, imekunjwa masikio yote mawili. Thoya aliichomoa pini, akatia spana. Nati haikutikisika. Akakanyaga spana kwa mguu. Haikutikisika.

"Aliyeikaza hiyo alijua kazi yake," mzee alisema. "Haikulegea hata uzi mmoja. Nati haikutoka, fundi. Kilichokatika ni mguu wa foku. Na tazama hapa palipokatika."

Akamgeuzia kisigino juani. Nusu ya mahali pale ilikuwa na kutu ya kawaida. Nusu nyingine ilikuwa na puti ya kuzibia nyufa, iliyokauka, na chini ya puti, ndani kabisa ya chuma, palikuwa na rangi ya buluu.

"Pikipiki hii iliwahi kuwa buluu?"

"Ilikuwa buluu tulipoinunua," Thoya alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyeipaka nyekundu."

"Basi ufa huu ulikuwapo kabla yenu. Rangi haiingii ndani ya chuma kizima. Aliyewauzia alijua foku imepasuka. Akaziba kwa puti, akapaka buluu juu, akaiuza. Hata ungekaza nati kwa mikono kumi, ingekatika tu." Mzee akamtazama usoni. "Nani aliumia?"

"Dada yangu."

"Na miaka yote wewe ulidhani ni nati."

Thoya alikaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye madoa ya rangi, na mzee akaenda kumletea maji bila kuuliza zaidi.

Hakurudi kazini. Aliichomoa ekseli gurudumuni, kisigino na nati vikiwa bado juu yake, akavifunga pamoja na pini katika gazeti, akapanda bodaboda mpaka shuleni Gongoni. Darasa la tatu lilikuwa likisoma kwa sauti, watoto arubaini kwa pamoja. Mbeyu alimwona mlangoni, akaona uso wake, akatoka nje na chaki mkononi.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, dada. Tazama." Akafungua gazeti, akamwonyesha pini, nati, puti, buluu. Maneno yalimtoka yakigongana. Alieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alianzia mwisho. "Nilikaza," alisema. "Dada, nilikaza. Sikukuvunja mguu."

Mbeyu alikigeuza kile chuma mkononi. Kisha machozi yakaanza kumtoka, na Thoya akaogopa.

"Unakumbuka asubuhi ile?" Mbeyu alisema. "Begi lilikuwa limeshafungwa. Wewe ukachukua spana, ukasema, ngoja niangalie gurudumu mara moja tena. Nami nikakukaripia. Nikasema, basi litaniacha, weka hiyo spana twende."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka kila siku. Nilimzuia ndugu yangu kukagua, halafu nikakuacha ulaumiwe na watu. Kila nikitaka kukuambia, naona haya. Pikipiki nilitaka itengenezwe ili siku nikiiona nzima niweze kusema."

"Na nyekundu je? Mbona uliikataa?"

"Nyekundu?" Mbeyu alifuta macho, akajiachia unga wa chaki shavuni. "Nyekundu hainipendezi tu, Thoya. Ningeonekana kama zimamoto."

Kicheko kilimtoka Thoya kwa ghafla, kikamshika mbavu, na Mbeyu naye akacheka huku akilia, wakashikana mabega mlangoni mwa darasa. Watoto waliacha kusoma wakaanza kucheka pia, bila kujua wanacheka nini, mpaka mwalimu mkuu akachungulia kutoka ofisini.

Foku iliyokatika Thoya hakukubali iungwe. Alizunguka wiki tatu mpaka akapata nyingine nzima kwa mtu wa Marereni, akaiosha kwa mafuta ya taa kutafuta ufa, ikapakwa kijani. Mwezi wa nane pikipiki ikawaka kwa teke la nne. Mbeyu aliipanda kwanza, bila kurusha mguu, akazunguka uwanja wa shule polepole huku usukani ukimetameta, kisha akaongeza mwendo.

Jumapili yake waliipeleka Malindi, Mzee Abdulqadir aione. Mzee aliizunguka, akachuchumaa, akagundua tone la rangi lililoganda chini ya ngao, akaudhika na nafsi yake kwelikweli, akataka iachwe airudie. Mbeyu alikataa katakata. Wakabishana mpaka wali ukaletwa, na Thoya, ambaye kwa kawaida hula kama ndege, akaomba sahani ya pili.