Gachau Alikuwa Mzima

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni kabla hakujapambazuka. Niliamka nikamkuta mjukuu wangu Gachau amesimama, anakula mukimo uliobaki. Jana yake tu, huko Thika, bondia mwenzake Odhiambo alikuwa amemwangusha katika raundi ya pili, naye akarudi hapa Ruiru akisema alipigana akiwa anaharisha.

"Tumbo limepona?" nikamuuliza.

"Limepona usiku, shosho."

Nikaketi. Pigano lililopita ilikuwa kifua. La kabla yake, kizunguzungu. Huyu kijana huugua kengele ya mwisho ikishalia.

"Leo twende kwa kocha," akasema. "Useme nilikuwa mgonjwa, turudie. La sivyo Odhiambo ndiye anaenda mashindano ya Nakuru na timu."

Kocha Wambua ana sheria yake. Bondia akidai alikuwa mgonjwa, alete mtu wa nyumbani aseme hivyo mbele ya wenzake. Gachau alijua mimi simkatalii kitu.

Tukaenda Thika. Pale ukumbini, Odhiambo ndiye aliyeniletea kiti, akakipangusa kwa taulo yake. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Angalau wetu alirusha ngumi moja ya maana.

"Mama, alikuwa mgonjwa?" kocha akauliza.

Gachau aliniangalia vile alivyoniangalia akiwa mdogo, akitaka nimtetee kwa mamake.

"Alikuwa mzima," nikasema. "Wiki yote nilimwamsha alfajiri akakimbie, akavuta blanketi. Jioni anakula chapati kama yuko harusini. Nimechoka kuuguza magonjwa ambayo hayapo."

Vijana wakacheka. "Bro, hata shosho amekupiga," mmoja wao, Boaz, akasema. Odhiambo hakucheka.

"Basi Nakuru anaenda Odhiambo," kocha akasema.

Gachau akaelekea mlangoni bila kuniangalia. Odhiambo akamfuata na chupa ya maji, akampa, kisha akamshika mkono wa kushoto akauinua hadi shavuni.

"Unaushusha sana huu, boss. Hapo ndipo nilipokupata."

Gachau akanywa maji, akafikiri.

"Kiwiko kilikuwa kinaniuma," akasema.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kocha alikuwa amechuchumaa kando ya kiti changu.

"Mama, tafadhali uje tena Jumamosi," akaninong'oneza. "Boaz naye anasema ilikuwa malaria."