Sanduku Lililodaiwa Kujaa

Katika ofisi ile ya upimaji wa viwanja, katibu waliyemwita Mama Mihuri hakugonga muhuri kwenye karatasi asiyoisoma mpaka mwisho. Hatua tatu mbele ya meza yake alikaa mchora ramani, mume wa mdogo wake. Kwa kupima pembe za kiwanja, shemeji huyo hakuwa na mpinzani. Kwa barua pepe, alikuwa msiba.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Mama Mihuri alikuta kwenye kompyuta yake barua kutoka kwa shemeji. "Mpendwa mteja," ilisema, "ramani yako mpya kiko tayari. Bofya hapa, weka neno lako la siri, uione kabla haijafutwa saa sita."

Aliisoma mara mbili, akainua macho.

"Shemeji, mimi ni mteja wako tangu lini?"

"Mteja gani?"

"Umeniandikia barua pepe."

"Nikuandikie nini, na uko hapo nakusikia mpaka miayo?"

Mama Mihuri akavua miwani. "Leo umefungua nini?"

"Hakuna kitu. Ile tu ya sanduku langu kujaa. Wamesema nisipothibitisha ndani ya saa mbili wanaifunga barua pepe yangu."

"Wamesema nani?"

"Wahusika."

"Ukaweka neno la siri?"

"Mara mbili. La kwanza lilikataa."

Mama Mihuri alishika kichwa. Mwezi uliopita aliwakalisha wote kwenye chumba cha mikutano akawaeleza habari hizo hizo za matapeli wa barua pepe, na shemeji alikaa mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akavuta kiti hadi kwenye meza ya shemeji. "Nionyeshe." Juu ya barua palikuwa na jina zito: Huduma ya Barua Pepe. Alisogeza kishale juu ya jina hilo, anwani yenyewe ikajitokeza. "Soma baada ya alama ya @."

Shemeji akasoma. Lilikuwa jina la duka la matairi.

"Tangu lini watu wa matairi wanatutunzia barua pepe?"

"Sikuangalia huko, shemeji. Walikuwa na haraka."

"Haraka yao ndiyo mtego wao!"

Alirudi kwenye kompyuta yake, akaandika anwani ya huduma yao ya barua pepe kwa mkono wake, herufi kwa herufi, akaingia kwenye akaunti ya shemeji na kubadilisha neno lake la siri. Akavifungia nje vifaa vyote asivyovijua. Alipochungulia mipangilio, alimwita shemeji aje aone: mwizi alikuwa ameweka agizo kwamba majibu yote ya wateja yaende moja kwa moja kwenye pipa la taka, shemeji asiyaone. Humo ndani mteja mmoja aliuliza, "Hii ni ya kweli?" Na mwizi akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo, ni mimi, fungua tu."

"Ameniigiza!" shemeji alifoka.

"Umempa ufunguo, ulitaka abishe hodi?"

Wateja walikuwa themanini na wanne. Mama Mihuri aliichapisha orodha ya namba zao, akamwekea mbele pamoja na simu ya mezani.

"Kwani tusiwaandikie barua pepe moja wote?"

"Shemeji! Watakuaminije ukipitia mlango ule ule alioingilia mwizi? Piga. Mmoja mmoja."

Akapiga. Wengine walimcheka, wengine walimkatia simu wakidhani yeye ndiye tapeli. Mwalimu mmoja mstaafu alisema hakufungua, kwa kuwa mtu anayeandika "ramani kiko tayari" hafai kuchorewa hata mstari, halafu akamfundisha ngeli kwa dakika kumi. Mwenye kiwanda cha matofali alikuwa ameshaingia. Neno lake la siri lilipokataa, akajaribu na lile la benki.

Shemeji alifumba macho. "Mzee wangu, geuza kadi yako ya benki. Iko namba nyuma. Wapigie hao sasa hivi, usisubiri, na usitumie namba yoyote ya kwenye ile barua." Mama Mihuri akamsogezea glasi ya maji.

Saa nane bosi aliingia, akasikiliza akiwa amesimama. "Ofisi hii inahitaji bango la onyo," akatangaza. "Kubwa! Ukutani!"

"Lipo, bosi," alisema Mama Mihuri. "Liko nyuma ya koti lako, pale unapolitundika kila siku."

Alasiri, shemeji akiwa amefika mteja wa sabini, simu ya Mama Mihuri iliita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umemfanya nini mume wangu? Nimemtumia picha ya mtoto, jino limetokeza. Badala ya kuifungua akanipigia kuuliza kama kweli nimetuma mimi!"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni mimi. Eti nimtajie jina la mama mkwe wake."

"Mama yetu?"

"Mama yetu!"

Mama Mihuri alitazama mbele. Shemeji, sauti ikiwa imemkauka na mkonga wa simu ukiwa sikioni, alimwinulia dole gumba.

"Umemtajia?"

"Nimemtajia. Ningefanyaje?"

"Basi mwache hivyo hivyo," Mama Mihuri alisema, akakata simu.