Harusi Ndani ya Kava la Kuku

Kinyozi alikuwa na diski za filamu elfu moja mia moja na arobaini. Chumba kizima, sakafuni mpaka dari! Mkewe, fundi cherehani, anapimia wateja nguo kwenye korido, mtu yuko nusu gauni na huku anapisha mtoto na ndoo. Mama akachoka.

"Baba watoto, Jumamosi saa sita mchana hicho chumba ni cha cherehani. Kopi diski zako zote, mimi nataka kuiona ya harusi yetu. Kama umeipoteza, na hizo nyingine namwita wa vyuma chakavu."

Kinyozi akafunga saluni siku nne. Binti yake akaleta kompyuta na diski kuu ya kuhifadhia, ndogo kama daftari, wakaanza. Pangusa diski, ingiza, inavuma, toa, lete nyingine! Ilipofika ya mia saba, mzee anaendesha mashine mwenyewe bila kuelekezwa.

"Baba, mbona kava la hesabu lina filamu ya ngumi?"

"Nilimficha mjomba wako."

Maana shemeji yake huyo kwa kuazima ni bingwa, kukopa harusi kulipa matanga. Kwa hiyo kila filamu tamu kinyozi aliivika kava la kuchosha.

Jumamosi saa nne imebaki moja tu.

"Ya harusi uliivika kava gani?"

"Ufugaji wa kuku. Nani ataazima ku..."

Akashika kichwa. Mwezi uliopita shemeji kaanza kufuga kuku! Alikuja nyumbani kuliomba lile kava, na kinyozi, mawazo yote kwa mteja aliyemwacha saluni nusu kipara, akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Alitoka mbio na aproni shingoni. Kufika kwenye banda la shemeji, lo! Diski inaning'inia kwa uzi juu ya vifaranga, inazunguka juani, inafukuza kunguru.

"Shemeji! Harusi yangu hiyo!"

"Ahaa! Mimi nataka kujua chanjo, namwona dada yangu anakata keki. Nilicheka!"

Kinyozi akaigeuza. Imechubuka kama sufuria la shule. Akakaa chini palepale, kwenye pumba.

"Inuka bwana, unaniaibisha mbele ya kuku. Mimi nikiazima kitu lazima nikikopi kwanza. Ndiyo maana huwa nachelewa kurudisha."

"Kuchelewa? Miaka tisa?"

"Kompyuta yangu ina mwendo wa pole."

Lakini alikuwa nayo! Yote, mwanzo mwisho! Akamtilia kwenye flashi, kinyozi akaibana kwenye kiganja na kuchanja mbuga.

Saa sita kasoro dakika tano. Mama kasimama mlangoni, simu mkononi. Binti akachomeka flashi. Tarumbeta zikalia! Bibi harusi huyo anashuka kwenye gari, shela limenasa mlangoni, bwana harusi analivuta, linapasuka.

"Rudisha nyuma hapo!" mama akapiga kelele, simu kaitupa kwenye kochi. "Si nilisema ni wewe uliyelichana? Miaka yote unabisha! Rudisha tena!"

Walirudisha mara sita. Kisha mama akajifuta machozi ya kucheka.

"Diski zipandishe darini. Na ukopi kwenye diski kuu nyingine, ikae kwa kaka."

"Kwa yule?"

"Kwake kitu hakirudi, baba watoto, lakini hakipotei."

Kinyozi aliikumbatia cherehani, akaingia nayo chumbani kinyumenyume, akifuata mdundo wa tarumbeta za harusi yao.